Kanuni ya Thelathini na Moja

Sekei, Arusha
4 Agosti 1997

Mwanangu Elihuruma,

Nakusalimu asubuhi hii kabla sijawasha kompyuta, maana nikishaiwasha sitakuwa na maneno mazuri ya kumwambia mtu. Sisi wazima. Ng'ombe wetu wa Maji ya Chai amezaa dume, upepo umeangusha migomba minne, na Violet, binti anayenichapia hapa ofisini, ameanza kufuga kucha. Chumba chako nimekipaka chokaa. Desemba si mbali, na huko Pune, India, nasikia mitihani inaisha Novemba.

Sasa jambo lenyewe. Ile programu ya kuandikia uliyoniachia kabla hujapanda ndege, uliniambia nikiijazia kanuni zangu kwenye kitabu kilichomo ndani yake, itaipamba kila karatasi yenyewe. Nimejaza. Zimefika mia mbili na kumi na mbili. Kwa mfano, kama karatasi ina neno "marehemu", iwekewe mpaka mweusi, lakini si kama ni kadi ya harusi, kwa sababu bibi harusi huandikwa "binti wa marehemu fulani". Hiyo ya "lakini" niliiongeza baada ya kuwatolea watu kadi mia za harusi zilizofanana na tanzia. Mama mzazi wa bibi harusi hanisalimii mpaka leo.

Kanuni ni nzuri, mwanangu, ila kila karatasi hukaa dakika kumi na mbili ikifikiri. Mama mmoja wa kwaya alileta ratiba ya mazishi, akaenda sokoni, akanunua ndizi, akarudi, akakuta bado inafikiri. Nusura marehemu azikwe bila ratiba. Na siku hizi kila aliyepata kompyuta ya mtumba amefungua ofisi ya kuchapa. Kwenye barabara hii peke yake tumekuwa watatu.

Anayefaidi ni mmoja tu, Mzee Stanley, mpima ardhi mstaafu, mgane, anakaa mtaa wa chini. Kila Alhamisi huja na barua ya kulalamika kwamba bomba lake halitoi maji. Amekwisha kulalamika mara ishirini na mbili. Nilimwekea kanuni yake peke yake, ya thelathini na moja: kama mwandishi ni Stanley, na barua ina neno "naomba", basi weka kichwa cha malalamiko na namba inayofuata, malizia na lile fungu lake la vitisho, kisha toa nakala nne za wakubwa. Nilifanya hivyo ili aondoke mapema. Lakini haondoki. Hukaa dakika zote kumi na mbili, nami nalazimika kumpa chai ili anyamaze, naye hanyamazi. Alhamisi iliyopita alinieleza jinsi yeye na wenzake walivyopima mpaka wa shamba moja huku wakifukuzwa na nyuki. Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Nisaidie hiyo mashine.

Shangazi yako,
Ndeshi


Pune
30 Agosti 1997

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, ila nimeloa. Huku mvua hainyeshi, inamwagwa. Mama mwenye nyumba wangu ananilisha dengu asubuhi na jioni, na nikimwambia nimeshiba anadhani naumwa. Hongera kwa ndama.

Kosa ni langu, si la mashine. Nilivyoiandika ile programu, kila karatasi ikija inafungua kitabu chako cha kanuni mwanzo kabisa. Inasoma kanuni ya kwanza neno kwa neno, inajiuliza "kama" maana yake nini na "lakini si" maana yake nini, kisha ndiyo inaitazama karatasi. Inakwenda ya pili, vilevile, hadi ya mia mbili na kumi na mbili. Karatasi nyingine ikija, imeshasahau yote na inaanza upya. Ni kama mzee wa kanisa aliyesimama mlangoni ambaye kila muumini akiingia lazima kwanza asome katiba nzima ya usharika.

Nimeibadilisha. Sasa itakisoma kitabu mara moja tu, izitafsiri kanuni zote kwa lugha ya mashine, na kuitunza tafsiri hiyo. Wenyewe wanaita kukompaili. Karatasi ikija, kitabu hakifunguliwi tena, mashine inafuata kile ilichokwisha kukielewa. Disketi imo humu ndani, nimeifunga kwa kadibodi mbili. Violet asiitoboe kwa kucha.

Jambo moja tu uzingatie, Shangazi, na naliandika kwa kupigia mstari. Ukibadilisha chochote kitabuni, mashine haitajua. Itaendelea kufuata ilichokielewa zamani, mpaka ubonyeze kitufe cha F9. Ukibonyeza, itakompaili upya, na printa itakutolea kwa herufi kubwa orodha ya kanuni zilizoongezwa na zilizofutwa, ili uwe na uhakika.

Mitihani imebana. Habari za Desemba tutaandikiana.

Mwanao,
Elihuruma

N.B. Wale nyuki waliwafukuza mpaka wapi?


Sekei
11 Oktoba 1997

Mwanangu Elihuruma,

Mungu akuzidishie akili, maana hii uliyo nayo sijui umeitoa kwa nani, baba yako hakuweza hata kufunga saa ya mkononi. Huku wazima sote. Ndama ametoroka mara mbili na mara zote mbili amepatikana kwenye mahindi ya jirani.

Mashine imekuwa mashine. Sekunde tatu! Mara ya kwanza nilidhani imekufa, kumbe karatasi imeshatoka. Wateja waliohama wamerudi, na yule mama wa kwaya amesema ofisini kwangu sasa mtu anaweza kufa kwa raha. F9 nimeibandika plasta ya kidonda, kwa sababu Violet huegesha ukucha pale akiwa anawaza, nami sitaki mashine ikompaili mawazo yake.

Ila kuna jambo. Wateja wazee hawaipendi hii haraka. Mtu ametoka kwake, ameoga, amevaa koti, anafika, sekunde tatu amepewa karatasi yake, anasema asante, anarudi. Hata chai haijamiminwa. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa wajinga. Nauliza tu, kwa ajili ya biashara: haiwezekani kwa wateja fulani mashine ikakaa kama zamani? Hata dakika kumi zinatosha.

Na lingine la kujifunza tu. Kanuni moja inafutwaje?

Nyuki waliwafukuza mpaka mtoni. Walikaa ndani ya maji saa nzima, wakapima mto badala ya shamba.

Godoro lako nimelianika. Niandikie tarehe ya ndege.

Shangazi yako,
Ndeshi


Pune
9 Novemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, mitihani nimemaliza, na nadhani nimefaulu. Mama mwenye nyumba amesherehekea kwa kunipikia dengu za rangi nyingine.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeandika "wateja wazee", lakini Shangazi, koti nimeliona moja tu. Ni wangapi hao?

Dakika kumi za kungoja siwezi kuziandikia kanuni, na hata ningeweza nisingeandika. Siku ngapi nimehangaika ili mashine ipate kasi, halafu niifunge jiwe mguuni kwa ajili ya mtu mmoja? Chai haihitaji kompyuta. Mteja akishapewa karatasi yake, anaambiwa, "Kaa." Ni neno moja. Ulikuwa ukiniambia mimi kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Kufuta kanuni ni rahisi. Ifungue kitabuni, ifute mstari wake, kisha F9. Usipobonyeza, kwa macho yako itakuwa imefutika, lakini mashine itakuwa bado inaiamini. Ni ipi unataka kuifuta?

Tarehe ya ndege sijaipata bado. Kuna mambo ya hapa nayangojea. Usianike godoro sana, mvua zitakukuta.

Mwanao,
Elihuruma


Sekei
28 Desemba 1997

Mwanangu Elihuruma,

Heri ya Krismasi, ingawa imepita na hukuja. Nilipika kama mtu anayengoja wageni, nikala na Violet, na kilichobaki tukampa mbwa, ambaye sasa anaamini kila siku ni sikukuu. Sikulaumu. Nasema tu nilikaa sebuleni na kila gari iliyopunguza mwendo nilisimama.

Mvua za mwaka huu hazijawahi kuonekana. Barabara ya Maji ya Chai imekuwa mto, na ndama tumemhamishia jikoni. Bomba la Mzee Stanley bado halitoi maji. Alhamisi ya kabla ya sikukuu alikuja kulalamika ukame huku suruali imelowa mpaka magotini. Niliitumia dawa yako. Nilimwambia, "Kaa." Alikaa saa mbili.

Nilifuta kitu kidogo kitabuni. F9 sijabonyeza. Hiyo orodha yako ya herufi kubwa, nani alikutuma? Printa yetu inalia kama mashine ya kusaga, Violet anaifikia kabla yangu, na mtaa mzima ungejua kabla ya chakula cha mchana. Siku Violet akienda likizo nitabonyeza.

Nikuambie basi, maana wewe ukishika jambo huachi. Kuna mtu ameniomba jambo. Nina miaka hamsini na miwili, na mume wangu ametangulia mwaka wa tisa huu, nikadhani mambo ya kuombwa yamekwisha. Nilimjibu kwamba kwetu mwanamke hajijibii hewani. Kuna barua ya posa na kuna wa kuipokea. Babu yako hayupo, baba yako hayupo, kwa hiyo mwanamume wa nyumba yetu ni wewe, ingawa nilikubadilisha nepi. Nimempa anwani yako.

Lakini usihangaike. Nilimwahidi baba yako, pale kitandani, kwamba nitakushikia nyumba mpaka urudi na mke wako na vyeti vyako. Siwezi kwenda kupika kwenye nyumba ya mtu mwingine wakati wewe unarudi kukuta kufuli. Huyo mtu nadhani ataghairi. Wanaume wakishaambiwa waandike barua, wengi hughairi.

Shangazi yako,
Ndeshi


Pune
3 Februari 1998

Shangazi,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti. Hajaghairi. Amelalamika.

Nainukuu barua kama ilivyonifikia, imechapwa kwako, naijua ile herufi F ya printa yenu, iliyokatika mkono:

"YAH: MALALAMIKO YA MARA YA 41

Ndugu Elihuruma,

Mimi Stanley, mpima ardhi mstaafu na mgane, naomba kwa heshima zote ridhaa yako nimuoe shangazi yako, Bibi Ndeshi. Nimemfahamu kwa dakika kumi na mbili za kila Alhamisi kwa muda wa miezi mingi, na baadaye kwa sekunde tatu, ambazo hazikunitosha. Sina mali nyingi. Nina nyumba isiyo na maji, na kahawa kidogo. Akiwapo yeye, hivyo vingine nitavivumilia.

Ieleweke kwamba suala hili nimekwisha kuliandikia mara 40 bila kupata jibu la kuridhisha. Endapo halitashughulikiwa ndani ya siku kumi na nne, nitalazimika kulifikisha ngazi za juu.

Nakala: Mhandisi wa Maji, Diwani, Mwenyekiti wa Mtaa, Mchungaji wa Usharika."

Nilicheka mpaka mama mwenye nyumba akaja na dawa ya tumbo. Baadaye nikaisoma tena na sikucheka, kwa sababu ya zile sekunde tatu. Nilizitengeneza mimi.

Umefuta ya thelathini na moja na hukubonyeza. Kitabuni hayumo, lakini mashine iliona "Stanley", ikaona "naomba", ikafanya ilichoelewa. Naogopa kuuliza kama nakala zilikwenda.

Sasa zamu yangu, maana nami nimefuta kitu bila kubonyeza. Tangu Oktoba nimepewa kazi hapa, miaka miwili, kazi ninayoipenda, ya kutengeneza programu kama yako ila kubwa. Nimekwisha kuikubali. Sikukuandikia kwa sababu nilikuona umekaa peke yako sebuleni ukinishikia nyumba, na nikaona haya. Wewe unashika nyumba kwa ajili yangu, mimi nashika ulimi kwa ajili yako, na katikati mzee wa watu analowa magoti. Baba alitaka nyumba isianguke. Hakusema uikalie kama kuku. Ufunguo mpe Violet aifagie kila Jumamosi, nami nitarudi nifungue.

Jibu la Mzee Stanley liko kwenye bahasha ya pili. Nimeandika hivi: "Malalamiko yako yamepokelewa na kuonekana yana msingi. Upande huu hauna pingamizi. Utekelezaji uko mikononi mwa Bibi Ndeshi mwenyewe, ambaye hashurutishwi."

Hilo la mwisho ni lako, Shangazi. Mimi naridhia, lakini si mimi ninayeolewa. Ukimtaka, mpelekee bahasha. Usipomtaka, ichome, na nitamwandikia nyingine.

Mwanao,
Elihuruma


Sekei
8 Machi 1998

Mwanangu Elihuruma,

Mimi mzima, ng'ombe wazima, mvua imepungua. Nakala zilikwenda.

Siku ile barua ilipochapwa nilikuwa Maji ya Chai kumtoa ndama jikoni. Mzee Stanley alinivizia nisiwepo, akampa Violet maandishi yake, akamhimiza, akatia saini bila miwani kwa sababu alitaka kuondoka kabla sijarudi. Violet, ambaye kwa miaka mitatu nimemwomba asicheleweshe bahasha, siku hiyo hakuchelewesha hata moja. Anasema alidhani ndivyo wastaafu wanavyoposa.

Jumapili mchungaji alinishika mkono mlangoni, akasema wazee wa kanisa wamelipokea suala na wanaliombea. Jumatatu mwenyekiti wa mtaa alikuja kuuliza kama nahitaji usuluhishi. Diwani ametuma salamu kwamba atalisemea kwenye kikao. Na yule mhandisi wa maji, ambaye barua arobaini hakujibu hata moja, hii aliijibu baada ya siku sita. Akaandika kwamba suala linashughulikiwa na mafundi watafika eneo la tukio. Wakafika kweli. Wawili, na spana, mlangoni kwangu, wakaniuliza tatizo liko wapi.

Nilicheka na wao, lakini nikiwa peke yangu sikucheka. Mzee Stanley alipojua yaliyompata alijificha. Alhamisi ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Saba zilipita, mwanangu, na kila moja nilikiosha kikombe chake ambacho hakuna aliyekinywea. Nilijichukia kwa ajili ya ile printa. Mwanamke mzima kuogopa kelele za karatasi!

Kisha ikaja barua yako. Hiyo miaka miwili nililia, sikufichi. Nikaishika ile chokaa ya ukutani kwako nikalia tena kidogo. Nikanawa uso, nikamtuma Violet kwa Mzee Stanley na ujumbe kwamba anahitajika ofisini kuhusu malalamiko yake.

Alikuja amevaa koti, amesimama kama mtu aliyeitwa na hakimu. Wateja walikuwa wanne, na Violet kwenye printa. Nikabandua plasta mbele yao wote, nikabonyeza F9. Printa ikalia vile inavyolia, na Violet, bila kuulizwa, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji: "KANUNI ILIYOFUTWA: THELATHINI NA MOJA. STANLEY."

Uso ulimwanguka yule mzee. Alidhani ndiye aliyefutwa. Akaokota kofia yake.

Nikampa bahasha yako. Akaisoma, safari hii kwa miwani, akairudia. Akasema polepole, "Hapa wanasema utekelezaji uko kwako."

"Umekwisha kutekelezwa," nikamwambia. "Kilichofutwa ni malalamiko. Kaa."

Akakaa. Wateja wanne wakakosa huduma mpaka mchana na hakuna aliyelalamika.

Tutafunga ndoa Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Kadi nimezichapa mwenyewe, "binti wa marehemu" na yote, na mpaka mweusi haukutokea. Wale mafundi wa spana, walipokosa kazi kwangu, niliwaelekeza mtaa wa chini. Bomba lake sasa linatoa maji, na amekosa la kuandika. Ananiambia Alhamisi anajisikia vibaya.

Nimeongeza kanuni moja tu. Kama barua inatoka Pune, iwekwe juu ya karatasi zote, na isomwe kwanza, hata kama mume anangoja chai yake. Sikusubiri Violet aende likizo. Nimebonyeza.

Shangazi yako,
Ndeshi